Kama Lilivyotoka kwenye Boksi

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Itikia upesi maana habari yangu haingoji. Wamekubali! Jana jioni wanachama wote kumi na mmoja wa chama chetu cha Kasi walikuja dukani kwangu, wakajibana kati ya saa za ukutani, wakapiga kura. Tutashindana tena mbio za maboti ya rimoti na nyinyi Hatuzami, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita, kwenye bwawa letu la nyuma ya kiwanda cha matofali. Aliyepinga ni muuza vioo peke yake, na hata yeye alipinga huku anacheka.

Wametoa sharti moja tu. Mwaka jana tulielewana kwa simu, tukaja kugombana ana kwa ana. Hujasahau. Kinyozi wenu alikuja na betri nene kama nusu mkate, akasema tulikubaliana kila mtu na betri yake. Mimi nikasema sikusema, wewe ukasema nilisema, na mbio zikavunjika kabla hata boti moja halijalowa. Sasa mwaka huu kila kanuni iwe kwenye karatasi, na tarehe, na sahihi za makapteni wawili, yaani mimi na wewe. Kwenye simu tutajuliana hali basi.

Msimamo wangu unaujua. Sote tunanunua boti lilelile jekundu, kwenye boksi lilelile lenye picha ya boti linaruka juu ya wimbi, ingawa mimi sijaliona likiruka hata kwenye beseni. Kiwandani yanatoka kwa maelfu, mapacha watupu. Tukiyaacha yabaki mapacha, atakayeshinda atakuwa ameshinda kwa akili yake na mkono wake. Raha ya mchezo ndiyo hiyo!

Anza wewe kuandika. Wewe ndiye mwenye mashine.

Mdogo wako,
Dakika (bado wananiita hivyo, na saa zao bado zinachelewa)


11 Machi

Mdogo wangu Dakika,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama hapa kibandani, wateja wawili wananisubiri niwachapie maombi ya mahakama, nikawaambia wangoje, kuna jambo la haki limeingia.

Hatuzami wamefurahi mpaka kinyozi amemkata mtu nywele upande mmoja akasahau wa pili. Tumekaa kikao palepale. Haya ndiyo niliyoyachapa, nakala tatu. Kanuni ya Kwanza: boti liingie majini kama lilivyotoka kwenye boksi. Hiyo nimeitunga mwenyewe, na nimeipigia mstari chini. Ya Pili: betri ni ile ya kwenye boksi (kinyozi ameinamisha kichwa). Ya Tatu: propela isichongwe, isinolewe, isibadilishwe. Ya Nne: kwa kuwa vifuniko vya kiwandani vinavuja, mtu anaruhusiwa kubandika mkanda wa plastiki juu ya mfuniko. Mkanda ndiyo, gundi hapana.

Asiyezitaka abaki nyumbani aangalie beseni lake. Ongeza zako, utie sahihi, urudishe kwa basi la vifurushi.

Dada yako,
Karani


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Sahihi nimetia, na wino umekauka. Kanuni ya Kwanza imesomwa hapa mara mbili, mara ya pili kwa makofi.

Naongeza mawili. Kanuni ya Tano: rangi iwe huru. Rangi haiongezi mbio, acha watu wajipambie. Kanuni ya Sita: chupa za kuzungukia zisiwekwe mbali zaidi ya mita ishirini na tano kutoka ukingoni. Usiniulize sababu, ni urembo wa mchezo tu, watazamaji waone vizuri.

Halafu tuelewane kuhusu neno moja. Tukisema boti tuna maana ya kila kilichomo ndani ya boksi: boti, betri, chaja na rimoti. Nasema hivi kwa sababu muuza vioo ana shemeji yake huko kwenu, na shemeji amemwona Fundi Baiskeli wenu amefungua rimoti mezani, skrubu zote nje. Mimi simtuhumu mtu. Lakini mtu hafungui rimoti kuitazama uzuri.

Jambo jingine. Mbona barua ya ndugu unaichapa kana kwamba unaniachisha kazi? Zamani ulikuwa unaniandikia kwa mkono. Ule mwandiko wako nilikuwa nauonyesha wateja.

Dakika


26 Machi (hii haikutumwa)

Mdogo wangu,

Umeuliza kwa nini nachapa. Nakujibu kwa mkono, wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda juu kama ngazi.

Mwisho wa Januari, Jumanne asubuhi, nilikuwa nachapa hati ya kiwanja, mkono wa kulia ukaacha kunisikia. Nikadhani mashine imekwama. Nikaizaba kofi, mashine ya watu. Hospitali walisema ni kiharusi, kidogo. Mguu umerudi. Maneno yamerudi, wewe mwenyewe unanisikia kwenye simu ninavyobwata. Vidole vya kulia havijarudi, na daktari hasemi vitarudi.

Sikukwambia, na sababu naiandika hapa kwa kuwa karatasi hii haitoki kwenye mtoto wa meza. Wewe unatupenda mpaka unatumaliza. Dada yetu mkubwa alipougua ulikwenda na lori, ukamleta kwako na kitanda chake na masufuria yake, ukampa kile chumba cha nyuma. Akalishwa, akaogeshwa, akafunikwa. Hata chai hakuruhusiwa kujimiminia. Nilipokuja kumwona baada ya mwaka alinipa kikombe nimshikilie anywe, na mikono yake ilikuwa mizima yote miwili. Nakiogopa chumba kile kuliko ninavyokiogopa kiharusi.

Rimoti uliyoisikia ni yangu. Unajua ilivyo: mkono mmoja unabonyeza kifyatulio cha mwendo, mwingine unazungusha kigurudumu cha kukatia kona. Fundi Baiskeli ameifunga kwenye kibao kinachoning'inia shingoni mwangu kwa mkanda. Kifyatulio akakifunga waya wa breki ya baiskeli, na mkono wa breki akauweka hapa kwapani. Nikibana kiwiko, boti linakwenda. Nikiachia, linapoa. Mkono wa kushoto unabaki kukata kona. Siku ya kwanza lilipozunguka chupa kwenye bwawa la kuogelea la shule, nililia mbele ya kinyozi, na sijali.

Nalitaka hili, Dakika. Nataka unione kwanza nimesimama ukingoni mwa bwawa lako, nashinda au nashindwa kama mtu mzima, kabla hujaniona mgonjwa. Kanuni ya Kwanza inanizuia, na niliitunga mwenyewe kwa mbwembwe na mstari chini. Ndiyo maana wanasema sheria ni msumeno.

Dada yako


27 Machi

Mdogo wangu Dakika,

Marahaba. Nachapa kwa sababu mimi ni mpiga chapa. Wewe mbona unatengeneza saa?

Rangi, sawa. Mita ishirini na tano, sawa, ingawa mnapenda bwawa dogo kama bata. Lakini rimoti nakataa. Rimoti si boti. Hailowi, haielei, haishindani. Mtu akiivalisha soksi, boti litaongeza mbio? Tukianza kukagua kilichomo mikononi mwa watu, kesho mtakagua miwani na viatu. Hatuzami tunapendekeza kanuni ihusu kile kinachogusa maji tu.

Fundi Baiskeli anakusalimia. Anasema alikuwa anatoa vumbi.

Karani


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Vumbi! Mwambie Fundi Baiskeli kwamba mimi natoa vumbi kwenye saa mwaka wa ishirini na sita huu, na vumbi halitolewi kwa koleo.

Ulivyoipigania hiyo rimoti umenitia wasiwasi. Nakujua. Ukiwa na haki husemi zaidi ya mstari mmoja, na safari hii umeniletea soksi na miwani. Kuna mtu unamficha huko. Sikuulizi jina. Sihitaji, kwa sababu nimepata dawa!

Imenijia jana nikiwa nimeinamia saa ya mhasibu mmoja, nikaruka nikaangusha skrubu, mpaka sasa hatujaiona. Sikiliza. Kanuni ya Saba: kila mtu aendeshe boti la mpinzani wake, na rimoti ya mpinzani wake. Umeona? Si mapacha? Basi tubadilishane! Ukitia ujanja kwenye chako umemtilia adui yako. Nani atanoa kisu ampe mwenzake? Hakuna ukaguzi, hakuna kufungua skrubu, hakuna kutazamana vibaya. Wiki mbili kabla ya mbio kila mtu atume kwa basi boksi lake na vyote anavyotumia, mwenzake akavizoee. Na makapteni wapambane wao kwa wao: changu kije kwako, chako kije kwangu.

Kasi wamenibeba juujuu, dada, kidogo nigonge kichwa kwenye saa ya kengele. Hata muuza vioo amesema hii ni kanuni ya karne.

Tia sahihi.

Dakika


14 Aprili

Dakika,

Nimeisoma Kanuni ya Saba mbele ya wanachama. Kabla sijafika mwisho walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Mimi ni kapteni wao, siwezi kuikataa kanuni ya haki kwa sababu zangu.

Sahihi yangu hiyo hapo chini. Kama imepinda, meza ilikuwa inacheza.

Karani


6 Juni

Dakika,

Boksi langu linakuja na basi la saa mbili asubuhi. Fundi Baiskeli alinisihi nikutumie lake, jipya, halijaguswa hata stika. Akasema hutajua. Kweli usingejua. Lakini kanuni inasema utume unavyotumia, nami sikuwa karani wa mahakama miaka thelathini ili niibe kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Ninavyotumia ndivyo hivyo. Ukifungua utaelewa. Kama utaona nimevunja Kanuni ya Kwanza, nitoe, sitakata rufaa. Ila nakuomba kitu kimoja, na sijakuomba kitu tangu tulipokuwa watoto: usije na lori.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Boti langu hilo, na rimoti yake, ndani ya boksi lake. Siku kumi na tano zimebaki! Silali, nahesabu kama saa ya shule.

Usishtuke na rangi ya manjano. Rangi ni huru, Kanuni ya Tano. Ile bendera nyeupe iliyosimama kwenye waya nayo uihesabu kuwa ni rangi, ila imesimama.

Namwomba Mungu boksi lenu lifike bila soksi.

Dakika


12 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa siku tatu sijui nianze vipi, basi naanza na aibu yangu.

Boksi lako nililichukua kituoni kabla barua yako haijafika mkononi mwangu. Kumbe karani wa kituo aliipeleka kwa jirani. Nilipochungulia tu nikaona waya wa breki. Nikashangilia, dada. Nikapiga kelele: nimemkamata! Nikawaita Kasi wote dukani waje washuhudie. Nikajivika ule mkanda shingoni ili niwaonyeshe ujanja wenu, nikawa natafuta mkono wa breki unakaa wapi. Haukufaa kiganjani. Haukufaa kidoleni. Muuza vioo akaja, akanyanyua bega langu la kulia, akauweka kwapani, ukakaa kama umezaliwa pale. Akasema polepole, "Huyu mtu mkono wake wa kulia haufanyi kazi." Mimi nikasema, "Hili ni boti la dada yangu." Hakuna aliyecheka tena. Walitoka mmoja mmoja.

Halafu nikazitoa barua zako zote nikazitandaza mezani. Zimechapwa. Zote. Na mimi nikakuuliza kama unaniachisha kazi.

Nilifanya unachokijua. Nilikwenda kituoni nikakata tiketi, na dereva wa lori nilishamwambia akae tayari. Kisha jirani akaniletea barua yako. Usije na lori. Nikakaa kwenye benchi la kituo nikamkumbuka dada mkubwa na kikombe chake. Nilikuwa naona, dada. Nilimwona anavyopungua, nikadhani dawa ni kumfunika zaidi. Sikuwa na mtu wa kuniambia, na wewe ulipotaka kuniambia nilikuwa nakukatiza nikuonyeshe blanketi jipya.

Basi badala ya kupanda basi nilikwenda bwawani na kibao chako shingoni. Nimesema nikizoee, kanuni ni kanuni. Mizunguko sita, nimegonga ukingo mara tisa! Kiwiko kinabana linaruka, kiwiko kinaachia linazubaa, mkono wa kushoto haujui kulia ni wapi. Mzunguko wa mwisho niliingia majini mpaka magotini kulitoa kwenye matete. Nikatoka nimelowa, nacheka peke yangu. Mtu anayeweza kuendesha boti kwa kitu hiki habebwi na mtu. Tiketi nimeirudisha na dereva nimempa pole.

Nimefanya jambo moja bila ruhusa yako. Springi ya ile breki ilikuwa kali mno, inakuchosha bega. Nimeitoa nikaweka ya saa ya ukutani, laini, inarudi yenyewe. Jaribu kama inafaa.

Na hii hapa ni Kanuni ya Nane. Kasi wameipitisha, hakuna aliyepinga, hata yule wa kawaida:

"Kilichotoka kiwandani kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Mwendeshaji hakutoka kiwandani. Maboti yabadilishwe, lakini kila mtu abaki na rimoti yake, na rimoti ifuate mwili wake, mradi isiongeze nguvu ya boti."

Rimoti yako nairudisha leo. Unajua kwamba hizi zinaoanishwa upya na boti lolote la aina hii, unabonyeza kitufe wakati wa kuwasha, basi. Ukikubali, tia sahihi. Kwa mkono wowote.

Dakika


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesaini, na nimesaini mbele ya wanachama wote, na safari hii meza haikucheza.

Nimeisoma barua yako kibandani, nikafunga kibanda, nikalia vizuri, nikafungua kibanda. Springi ni tamu! Jana nimezunguka mara kumi bega halijauma. Fundi Baiskeli amekasirika kwamba hakuiwaza yeye.

Sasa zamu yako. Umedhani mimi nitaweka boti lako mezani nisilitazame? Umelipaka manjano juu tu, mahali ambapo maji hayafiki. Chini jekundu vilevile. Ukalipandishia bendera ndefu kama ya meli ya mizigo. Ukapigania chupa zisivuke mita ishirini na tano. Urembo wa mchezo, eti! Nikamwuliza yule shemeji wa muuza vioo, maana huja huko kwenu kila mara, na sisi pia tunaye. Akanieleza kwamba unawasalimia watu kwa sauti siku hizi, mpaka wajibu ndipo uwajue. Dakika, wewe mbali huoni.

Najua unachoogopa. Unadhani wateja wakisikia fundi saa ana mtoto wa jicho hawataleta saa. Karibu unaona vizuri, ndiyo maana umejificha nyuma ya lenzi yako miaka, sijui miwili? Mjinga wewe. Na mimi mjinga. Tumelelewa nyumba moja.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya hospitali ya macho. Nimeijaza yote, jina, umri, kazi, ndugu wa karibu. Nimeichapa kwa mkono mmoja kwa dakika arobaini, kwa hiyo usiikunje. Pamebaki sahihi yako tu. Sikuletei lori. Nakuletea fomu.

Bendera nimeing'oa. Bendera haikutoka kwenye boksi. Lakini boti langu ulilonalo ni jekundu, na maji ya bwawa lenu yana rangi ya matofali, hutaliona hata likiwa miguuni. Lipake manjano. Kanuni ya Tano inakuruhusu, na uliitunga mwenyewe.

Tukutane Jumamosi. Jiandae, maana mimi nimejiandaa!

Karani


24 Juni

Mdogo wangu,

Hii naiandika kwa mkono wa kushoto, makusudi. Vumilia mwandiko.

Tumefika salama. Kwenye basi kinyozi alikuwa anasimulia mbio upya kila abiria mpya akipanda, na kila mara nilikuwa nashinda kwa umbali mkubwa zaidi. Tulipofika mwisho nilikuwa nimekuacha kilometa.

Ukweli nitauandika mimi, uingie kwenye faili. Mzunguko wa nne ulikuwa umenitangulia. Nakubali. Boti langu, kwa mkono wako, lilikuwa mbele hatua nzima, na Kasi wanaimba. Nilibana kiwiko mpaka mbavu. Tukakata chupa ya mbali pamoja, manjano mbili, na pale ndipo nilipokusikia unasema kwa sauti, "Mnaona linavyokata kona? Mnaona?" Nikatazama. Boti ulilokuwa unaliangalia ni lile nililokuwa naliendesha mimi.

Sikukwambia. Nisamehe, au usinisamehe. Ulikaa mzunguko mzima unajisifia kwa kona zangu, huku lile ulilokuwa unaliendesha wewe linaelekea kwenye matete polepole kama mtu anayekwenda kazini Jumatatu. Muuza vioo aliziba macho. Ulipogundua ulikuwa umeshapiga magoti umeinua mikono juu kushangilia.

Malalamiko yako rasmi nimeyapokea. Unasema rangi mbili zinazofanana zilikupotosha. Kamati, yaani mimi na Fundi Baiskeli, imeyatupa. Rangi ni huru. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sijacheka hivyo tangu Januari. Kumbe hata mkono ule ulicheka, bega lilikuwa linaruka lenyewe. Na uliponiona nashuka basi asubuhi ile hukunishika kiwiko, hukunibebea kibao changu. Ulisema, "Shikamoo, umechelewa dakika sita." Nilitaka kukubusu mbele ya watu.

Fomu?

Dada yako


9 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Fomu nilitia sahihi usiku uleule, ila sikukwambia ili usijigambe. Walinipasua wiki tatu zilizopita. Ulipiga simu kila asubuhi nami nikakujibu "salama tu" kama wewe ulivyonijibu tangu Januari, sasa tumelipana.

Wateja hawakukimbia. Mhasibu aliposikia nimetoka hospitali ameleta saa mbili, na ile skrubu yake nimeiona, ilikuwa chini ya mlango, inang'aa. Muuza vioo nimegundua ana mvi. Kasi wamepitisha Kanuni ya Tisa mimi nikiwa bado na bandeji: makapteni wasipake rangi moja. Wameiita kwa jina langu, na sitaki kulizungumzia hilo.

Barua yako ya tarehe ishirini na nne, ile ya mkono, sikuiweka kwenye faili. Muuza vioo ameniwekea kwenye fremu, nimeitundika ukuta wa mbele, chini ya saa kubwa. Kutoka kwenye kiti changu hadi pale ni hatua saba. Mwandiko wako wa sasa ni mbaya, dada, sijapata kuona. Mistari inapanda mpaka inatoka kwenye karatasi. Leo asubuhi nilikaa, nikaweka lenzi mezani, nikausoma wote mpaka mwisho bila kunyanyuka.

Mdogo wako,
Dakika